Majina ya Mbega wa Shangazi Elinipa

Nkoaranga, Meru
14 Juni 2025

Mpendwa Baba Mkubwa Ephraimu,

Shikamoo. Hamjambo huko Songea? Goti la Mama Mkubwa limepata nafuu, au baridi bado inalichokoza? Sisi tu wazima. Ukungu umetukalia wiki nzima na kahawa haikauki, lakini tunamshukuru Mungu.

Najua Baba Mdogo Manase ameshakupigia. Sasa sikia na upande wangu, maana udadisi wangu unaujua tangu nikiwa mtoto.

Kitabu cha mdogo wako, Shangazi Elinipa, kinachapishwa tena. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza hapa kwetu kuingia msituni na darubini kwenda kuwalinda mbega, wakati wenzake wanawawinda. Watu wakasema akili zimemruka. Leo watoto wanakisoma shuleni! Tatizo ni majina. Dume kubwa la mbega kaliita Kaanaeli, jina la babu. Jike lake ni Hanna, jina la bibi, na watoto wao kawapa jina lako na la Manase. Na huyo Kaanaeli kila akishiba majani anapiga mbweu, anajikuna tumbo, analala. Kusema kweli ni babu mtupu.

Kwenye kikao cha ukoo Baba Mdogo alipiga meza: baba yetu aitwe nyani? Shangazi akajibu taratibu kwamba mbega si nyani. Weee! Hali ikachafuka. Wakaamua majina yafutwe, ila neno la mwisho wamekuachia wewe mkubwa wao.

Mimi nikabaki najiuliza: majina yote ya duniani, kwa nini ya kwetu? Jumamosi iliyopita nikamfuata msituni na chupa ya chai. Njiani nikayapanga kichwani kama alivyoyatoa: babu, bibi, halafu wewe, halafu Manase. Nikashtuka. Si ndivyo tunavyowapa watoto wetu majina, tukianza na wazee? Nikamuuliza, mdomo wangu haulali. Akaishusha darubini. Kisha akasema, "Majina nilikuwa nayo, Vaileth. Watoto ndio sikupata."

Nililia, sikufichi. Na sisi miaka yote tunamtania kwamba ameolewa na msitu!

Juzi amezaliwa mbega mchanga, mweupe pe kama wanavyozaliwa wote. Nikauliza anaitwa nani. Akasema hana jina, ukoo umemkataza kumpa.

Baba Mkubwa, mchapaji anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Nakuomba umpigie Shangazi mwenyewe, usipitishe kwa Manase.

Mama anawasalimu sana, anasema loshoro ya mahindi na mtindi ipo, njooni Krismasi. Msalimie Mama Mkubwa na mwanenu Naeli. Mungu awafunike kwa mkono wake. Shangazi hakutuma salamu. Ila simu yoyote ikilia humu ndani, anageuka kutazama.

Ni mimi binti yako, nikupendaye daima,

Vaileth