Dirisha la Twalib

Doornfontein, Johannesburg
8 Juni 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku imeanza kuuma masikio. Mgongo wako unaendeleaje?

Lile jengo alilokaa kaka Twalib, Mungu amrehemu, nimelichora kama ulivyoniagiza. Siku tatu nimekaa ng'ambo ya barabara, kwenye kigoda cha fundi viatu. Mistari nikaichora kwa wino, ikapendeza. Kutia rangi ya maji tu, wino wote ukayeyuka, jengo likawa tope! Kwa nini usikubali nilipige picha kwa simu, uipate leo leo?

Mwanao,
Nassir

Tanga
22 Juni 2025

Mwanangu Nassir,

Marahaba, baba. Mgongo unalalamika kama kawaida yake, lakini jana nimewapaka hina maharusi wawili, basi ujue bado nipo. Vaa sweta.

Wewe umekulia miguuni pa mama anayepaka hina na piko, halafu unafanya kosa la namna hiyo? Umeniona lini nikianza na piko nikamalizia na hina? Hina kwanza, ishike, ikauke. Ule weusi wa piko huja mwisho. Anza na rangi, wino baadaye. Haraka haraka haina baraka.

Picha ya simu siitaki, mtu huipiga huku anatembea. Mimi huko sijafika, hata kumzika sikumzika. Usimchore yeye, sura yake sitaiweza. Nionyeshe dirisha lake tu.

Mama yako

Tanga
20 Julai 2025

Nassir, mwanangu,

Hujambo? Mbona kimya hivi? Jirani yetu Bushra amefika juzi kutoka huko, anasema u mzima na kila akipita anakukuta umekaa pale kwenye baridi. Kuna nini, baba? Nimekuomba dirisha moja.

Mama yako

Doornfontein
3 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Nisamehe. Rangi imekubali kwa njia yako. Miti haina hata jani moja, na jua la kipupwe linapiga matofali mekundu yanang'aa, ila joto halina. Hayo yote nimeyachora.

Dirisha ndilo sikulijua. Mama, sikuwahi kupanda ngazi zile. Mimi na kaka hatukusemezana miezi kumi na minne, kwa neno la kijinga nililomtolea mbele ya watu siku ya Idi, kule mtaa wa Mayfair. Mara mbili alituma mtu niende, sikwenda. Mara ya tatu niliitwa hospitali, nikamkuta ameshafariki.

Wiki nzima nzima nimetazama madirisha arobaini, kila moja nikidhani ndilo. Jumanne akashuka mama mmoja Mrundi, Spéciose, fundi cherehani, jirani yake kaka. Akaitazama karatasi, akaniambia, "Eish, ni weye Nassir? Twalib alikuwa anasemaga, mdogo wangu anachora kuliko wote. Kuja nikuonyeshe."

Ghorofa ya tatu, la pili kutoka kushoto. Nililia pale pale barabarani mpaka akaniletea chai. Nimelitia wino la mwisho kabisa. Karatasi nakutumia pamoja na barua hii. Ukiichana, sitakulaumu.

Nassir

Tanga
24 Agosti 2025

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na tena marahaba. Siichani. Imetundikwa chumbani kwangu, na kila anayeingia namwita aje aione.

Kaka yako alinipigia siku ile ile ya Idi. Nilijua hamsemezani, na nilijua hujakanyaga kwake. Hata dirisha alishanielekeza zamani, kwa sababu lilikuwa likipata jua la asubuhi. Lakini ningekuamuru uende, ungekwenda kwa kuniogopa mimi, ukasimama dakika mbili ukarudi. Nikakuagiza uchore, maana anayechora hana budi akae. Nisamehe na mimi, nilikukalisha kwenye baridi bure.

Hakuwa na hasira nawe, Nassir. Kila nilipomwuliza, alinijibu, "Atakuja tu, mama. Namtazamia."

Basi mwombe huyo Spéciose, umsalimie sana, akupandishe mpaka chumbani kwa kaka yako. Simama dirishani, baba, unichoree barabara aliyokuwa akiitazama akikungoja.

Mama yako