Chiriku Waliochelewa Kupanda Mlima

Dada yangu mpendwa Yangdol,

Kabla hata sijakuuliza hali, ujue kwamba nimemkosea Tundup, jirani yetu, tena nimemkosea vibaya. Nataka ulisikie kwangu mwenyewe, si kwa watu.

Sasa nikusalimu. Hujambo, dada? Goti la shemeji limepata nafuu? Nasikia huko kwenu ng'ambo theluji ilikaa sana mwaka huu, nikawa nawaza mbuzi wako. Huku sote wazima. Mama anakula vizuri, anagombana na kila mtu, na kila akikoroga chai ya siagi anakutaja.

Najua bado umenuna kwa kuikosa harusi ya Diskit wetu. Ngoja nikusimulie, labda utacheka.

Jigmet, bwana harusi, si ndiye dereva wa tingatinga linaloondoa theluji kule juu kwenye njia? Basi wageni hawawezi kupita mpaka yeye asafishe, na yeye mwenyewe hawezi kuja mpaka amalize. Wanawake wakamwandama Diskit kule mferejini, eti wenzako wanaolewa na wanaume wanaolima udongo, wewe wako analima theluji, atakuletea gunia la maji! Binti yangu anacheka nao, akirudi analia jikoni, na marehemu mama yake hayupo wa kumbembeleza. Mimi nasimama mlangoni kama gogo.

Si unajua utaratibu wa hapa. Chiriku wa mlimani wakishaacha viwanja vya kupuria na kupanda kufuata ukingo wa theluji inayoyeyuka, mlinzi wao anapiga kelele juu ya paa, plau zinatoka, na harusi hakuna tena mpaka shayiri ivunwe. Na kina Jigmet walishasema wazi kwamba wakisubiri mavuno, wataangalia binti mwingine.

Mlinzi ni Tundup, kama alivyokuwa baba yake na babu yake. Kila asubuhi akapanda paani, akatazama, akashuka akisema bado wapo. Theluji ikarudi nyuma, mfereji ukaanza kunguruma, udongo ukawa laini kama unga uliokandwa. Na chiriku wale wale, kijivu kama mawe, na weusi wao kwenye paji la uso, wanazunguka nyuma ya nyumba yetu kama moshi. Wanatua, wanaruka, wanatua tena.

Watu wakaanza. Mzee wa kinu akamuuliza kama amewafunga kamba miguuni. Mke wa Tundup mwenyewe akamwambia mbele za watu, wewe baba, macho yako yameingia ukungu, shuka huko nikupe sufu usokote.

Masikini, akapanda mlima mwenyewe. Akafika kule kwenye mawe matupu ambako hata ng'ombe wa yak hawapendi kukaa, akakuta makundi ya chiriku yanadonoa mbegu pembeni ya theluji. Akarudi, akaeleza alichokiona, akasema wenzao wako juu, hawa wa kwetu sijui wamepatwa na nini. Ikawa kicheko. Eti leo kuna ndege wa juu na ndege wa chini, tuwasikilize wepi? Mkuu wa kijiji akakata shauri kwamba ulinzi utoke nyumba ya Tundup uje kwetu, maana ndege wenyewe wamechagua upande wetu.

Nikakubali, dada. Niliinamisha kichwa kama mtu mwenye haya, nikakubali.

Halafu njia ikafunguka! Tukasikia mngurumo, tukadhani ni maporomoko, kumbe ni tingatinga linateremka na Jigmet juu, mitandio myeupe imefungwa mpaka kwenye sepeto lake, nyuma yake ndugu zake wamejazana kwenye gari wanaimba. Mama akapiga kelele, huyo amekuja kuoa au kuchimba barabara nyingine? Tulikunywa, tulicheza, ngoma ikapasuka ikaletwa nyingine. Tundup alileta siagi, akacheza mpaka kofia ikamdondoka, wala hakuninunia hata kidogo. Diskit alivyokuwa anang'aa, ungelia.

Harusi ilipoisha chiriku wakapanda mlima wote. Nikasimama paani nikapiga kelele, watu wakatoka na dzo, maksai wao wa plau, kwenda shambani wakinisifu. Shayiri ilichelewa lakini imeota, kijani tupu. Baridi isipotuwahi, tutavuna.

Sasa lile neno lenyewe. Wale chiriku hawakukaa kwa hiari yao. Kila alfajiri nilikuwa nawamwagia shayiri nyuma ya zizi. Kutoka paani kwake Tundup aliona ndege, ila ukuta ulimficha chakula. Jigmet alipofika niliacha kumwaga, nao wakaondoka. Mama aliniona siku moja. Nilidhani atanifokea, akaniambia niongeze kidogo.

Ningenyamaza, dada, nisikufiche. Lakini Tundup ameamini ni macho yake. Amekwenda mjini kununua miwani asiyoihitaji. Akiivaa dunia inampindia, anakanyaga mfereji, na juzi amemsalimia dzo wangu kwa jina langu, akamuuliza na hali ya mama. Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Mtu mwenye macho kama tai, mimi nimemfanya kipofu mchana kweupe, na kazi ya baba yake nimeikalia.

Mama anakusalimu, anasema ulete jibini. Diskit na mumewe wanakusalimu sana, watakuja kwenu kabla ya majira ya baridi. Msalimie shemeji na watoto.

Siku ya mwezi mpevu ujao kijiji kizima kinakutana kwenye mfereji kugawana zamu za maji. Siku hiyo, kabla mtu hajashika jembe, nitasimama niseme nilichomwaga, nilipomwaga na kwa nini, niombe ulinzi urudi nyumba ya Tundup. Zamu yangu ya kwanza ya maji nitaifungulia shamba lake. Na ile miwani nitamvua mimi, kwa mkono wangu, mbele yao wote.

Ni mimi mdogo wako,
Morup