Ni Rahisi Tu

Jumatatu, 3 Machi

Wifi yangu kaja na suruali aliyojishonea. Zipu iko nyuma! Mguu mmoja unafika kifundoni, wa pili umeishia gotini kama unaogopa maji. Tumecheka mpaka machozi. Halafu akauliza, bila hila yoyote: si mimi niliyesema redioni kwamba kushona ni rahisi tu? Mume wangu akadakia — kwani amewahi kuniona nikishona hata kifungo?

Nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Miaka sita natoa ushauri hewani kila asubuhi. Kazi, burudani, ufundi wa mikono. Acha kazi isiyokupenda! Jifunze gitaa! Shona nguo zako! Vyote nimevisoma mahali, nikavitia chumvi. Mimi mwenyewe hata kutunga uzi sindanoni sijui. Debe tupu, ndiyo maana navuma. Naona aibu mpaka kisogoni.

Jumatano, 5 Machi

Nimejiandikisha darasa la cherehani. Mchana, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Sauti yangu inajulikana kuliko sura, kwa hiyo nimewaandikia kwenye karatasi: koo limeharibika, daktari kanikataza kusema. Uongo wa mchana kweupe! Wamenionea huruma. Fundi — mama mnene, tepu haimtoki shingoni — kanipa cherehani ya dirishani. Wenzangu washanibatiza Mama Kimya. Mume wangu kusikia hivyo, kacheka hadi kakohoa. Eti angejua dawa ni hiyo, angeninunulia cherehani siku ya harusi.

Saa tisa kule darasani wakafungua redio. Marudio ya kipindi changu! Kumbe hawakikosi. Nimeinama, najisikia nikieleza watu jinsi ya kuchagua gitaa, na huku bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, imenishinda kuiweka.

Alhamisi, 6 Machi

Uzi umekatika mara kumi na moja. Pindo nimelishona pamoja na mkono wa blauzi niliyovaa. Fundi amenifumua mwenyewe, hakusema neno.

Jumanne, 11 Machi

Jirani yangu wa cherehani tunamwita Mwokaji. Leo nimejua kwa nini. Mtu asiyesema huambiwa mengi.

Alikuwa kwenye tanuri la mikate miaka tisa. Siku moja akamsikia yule dada wa redio: acha kazi isiyokupenda, ufundi ni rahisi tu. Akaacha wiki ile ile. Miezi saba sasa. Marinda anayapanga vizuri, ila akishika mkasi mkono unamtetemeka, nguo zinatoka zinabana. Fundi anasema bado mwaka mzima. Nyumbani kuna watoto wawili na mama yake mzazi, na wote wanamtazama yeye.

Hanilaumu! Hata kidogo. Anasema yule dada ana moyo mzuri. Kisha akanitungia uzi, akanigusa bega — utaweza tu, Mama Kimya.

Nimelia chooni. Bomba nimelifungua wasinisikie.

Jumatano, 12 Machi

Kapiga simu. Hewani, asubuhi hii! Neno la kwanza tu nikamjua. Bosi wake wa zamani anamwita arudi tanurini, anataka jibu leo kabla ya saa kumi, la sivyo anachukua mwingine. Arudi au asirudi?

Rudi, mama. Neno lilikuwa ulimini. Ningelisema, angeuliza kwa nini, na ningesema nimejuaje mkono wake unatetemeka? Mtayarishaji ananionyesha saa kupitia kioo. Mdomo ukajiendea wenyewe: usirudi nyuma, dada, jiamini, ni rahisi tu! Muziki ukaingia. Mtayarishaji akanionyesha dole gumba.

Sina hamu hata ya kujitazama kwenye kioo.

Jumatano hiyo hiyo, mchana

Naandika nimekaa kwenye ngazi, nje ya darasa. 

Saa tisa Mwokaji kawanyamazisha wote, wamsikie redioni. Simu mkononi. Eti ajisikie kwanza, ndipo ampigie bosi amwambie hapana. Nikasikia sauti yangu inakuja: usirudi nyuma, dada, jiamini, ni rahisi tu! Darasa zima likapiga makofi. Akaanza kubonyeza namba.

Nilisimamaje, sijui. Nikasema, kwa sauti hii hii, usipige hiyo simu. Rudi kazini. Kushona utajifunza polepole, siku za mapumziko. Mimi sijui kushona. Gitaa sijawahi kulishika. Mnaniona kila siku hapa, uzi wenyewe natungiwa!

Fundi akaitazama redio, akanitazama mimi, akaitazama redio tena. Mle ndani nilikuwa bado nawatakia wasikilizaji siku njema. Nikatoka. Natamani ngazi hizi zipasuke zinimeze.

Mlango umefunguka. Mwokaji. Amekaa ngazi moja juu yangu, simu mapajani. Hajalia, hajanitukana. Afadhali angenitukana.

Saa kumi kasoro dakika sita. Ananiuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia: mlikuwa wawili, wa asubuhi redioni na wa mchana hapa — sasa yeye amsikilize yupi?