Kuhusu Mazoezi ya Aljebra Niliyoyafanya kwa Jina Lako

Kwa binti yangu mpendwa Mwanaidi, uliyeko Morogoro kwa mama yako mdogo,

Salamu zangu zikukute mzima. Madhumuni ya barua hii ni mawili: kukiri kosa langu, na kukuomba uamuzi. Nakala yake nimeibandika kwenye mlango wa darasa lenu, kwa kuwa wewe uliaibishwa mbele ya watu, na haifai mimi nitubu chumbani.

Utakumbuka ulipopata nafasi katika kile chuo kipya, ghorofani juu ya maduka ya khanga. Ulinijia barazani, kwenye meza ninayoandikia watu barua za maombi, ukasema, "Baba, mazoezi yetu ya hesabu hayafanywi daftarini. Yako kwenye mtandao, na kompyuta yenyewe ndiyo inayosahihisha." Nikakuuliza kama inachapa na viboko. Ulicheka mpaka mteja wangu naye akacheka.

Tukawa tunakwenda pamoja kwenye duka la intaneti la Bwana Jayesh, Mtaa wa Sikukuu. Ulikuwa ukikokotoa kwanza nyuma ya karatasi zangu zilizoharibika, kisha unaingiza jibu. Likiwa sahihi, alama ya kijani. Likiwa kosa, nyekundu. Kwa aliyekwama palikuwa na kitufe cha mfano: swali la aina ileile kwa namba nyingine, limekokotolewa hatua kwa hatua. Wewe hukukipenda kitufe hicho. Mimi nilikipenda tangu siku ya kwanza.

Kisha ukaugua malaria, na zoezi lilikuwa lifungwe Jumapili. Nilichukua neno lako la siri daftarini, nikaenda peke yangu. Wajua nilivyojifunza kazi yangu: niliishia darasa la nne, nikapata barua moja iliyoandikwa vizuri, nikawa nainakili na kubadilisha majina. Aljebra nayo niliifanya vivyo hivyo. Nilifungua mfano, nikaondoa namba zao, nikaweka zako. Kijani. Nikaendelea. Kijani.

"Profesa!" Bwana Jayesh akanitania. "Leo X kajificha wapi?"

"Tumeshamkamata," nikajibu, wala sikumjua X ni nani.

Ulipopata nafuu ukaziona alama zile, ukasema, "Baba, hii si barua ya maombi. Huwezi kubadilisha jina tu ikawa yako." Niliahidi kuacha. Sikuacha. Kila wiki nilitangulia asubuhi, nawe ukafika ukakuta zoezi limekwisha. Mwanangu, katika umri wangu wote hakuna aliyewahi kuniambia nimepatia. Barua zangu hujibiwa "imepokelewa".

Mwalimu wako, kwa kuona kijani tupu, hakukufundisha upya masomo uliyoyakosa ukiwa kitandani, na kila somo lilijengwa juu ya lililotangulia. Siku ya mtihani mlipewa karatasi na kalamu. Kitufe hakikuwapo. Ulipofeli, akakuuliza mbele ya wenzako, "Mwanaidi, yale mazoezi nani aliyafanya?"

"Ni mimi, mwalimu."

Hukunitaja. Wakakuita mwongo, na mwongo alikuwa amekaa barazani akiwaandikia watu "mimi mtiifu wako". Kesho yake ulipanda basi bila kuniaga, ukaniachia chai kwenye chupa, ingali moto.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mwalimu nikamweleza yote, nikiwa nimesimama. Akasema, "Mzee, mwambie aje. Ataanza mwanzo, kwa kalamu, mbele yangu. Ila awahi, usajili unafungwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi." Neno lako la siri amelifuta. Jipya utalichagua wewe, nami sitaliuliza.

Juzi nilijaribu swali moja la somo la kwanza, bila mfano. Nilijaza kurasa mbili, sikulipata. Ndipo nilipoelewa ulichokuwa ukikifanya nyuma ya karatasi zangu. Zile ulizoziacha ninazo zote, pamoja na ulizozikata kwa hasira.

Sikuombi msamaha kwa barua hii. Barua za msamaha nimewaandikia wengi, na mfano wake naujua mno. Ninaomba uamuzi wako tu: utarudi kabla ya Ijumaa hiyo, au hutarudi? Niandikie neno moja, nami nitalipokea lilivyo.

Ni mimi,
Baba yako.