Kaka Yangu Haoni, na Anataka Kuendesha Pikipiki Peke Yake

Mpendwa Shangazi Gaudensia, shikamoo. Naomba msaada wako, na kama inawezekana naomba unijibu mapema, kwa sababu jambo hili lina siku yake, siku yenyewe inakuja, na mimi bado sijajua nitasema ndiyo au hapana.

Naitwa Fransiska. Nafanya kazi maabara katika kituo cha afya, upande wa Katesh, na nyumbani ni Dirma, ninakoishi na mama yangu Benedikta na kaka yangu mkubwa, Modest. Kaka alikuwa fundi magari Arusha, na huko ndiko alikoipata pikipiki yake, Honda ya mbio ya zamani, nyekundu, ile aina ambayo mwendeshaji analaza kifua juu ya tanki, na nadhani inakaribia umri wangu. Alirudi nayo nyumbani watu wakaja kuitazama kama wamekuja kumwona bibi harusi. Halafu macho yake yakaanza kuondoka. Yaliondoka polepole, kuanzia pembeni, mpaka akawa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na mwisho lile tundu nalo likaziba. Hospitali walisema ni presha ya macho, na kilichokwenda hakirudi.

Watu walimshauri aiuze. Yeye aliniita uani, akauchukua mkono wangu akauweka kwenye usukani, akasema, "Fransiska, pikipiki ikikaa bila kuendeshwa inakufa. Nitakufundisha."

Nikamwambia, "Kaka, utanifundishaje na huoni?"

"Wewe utaona," akasema. "Mimi nitasikiliza."

Na alinifundisha kweli, Shangazi. Alikaa kwenye kigoda mwisho wa shamba la mbaazi, mimi nikapita mbele yake huku na huku, naye anapiga kelele, "Gia! Umechelewa, husikii inavyolalamika?" mpaka siku ikafika nikaanza kuisikia mwenyewe, nikajua inataka nini kabla haijaomba. Sasa kila asubuhi navuta choki, naiacha ipumue mpaka ngurumo itulie, naenda nayo taratibu kwenye vumbi kwa sababu matairi yake hayapendi vumbi, na nikiikuta lami sijui nikueleze vipi, mlima Hanang unakuwa umejifunika wingu mabegani, alizeti zote zimegeukia upande mmoja, baridi inapenya kwenye mikono ya koti, injini inashika sauti moja ndefu kama kwaya iliyokubaliana, na mimi nasahau kwamba naenda kazini, nasahau vichupa vya damu na wagonjwa waliopanga foleni, naona kama nimesimama tu na barabara ndiyo inayonijia.

Wakati wa kiangazi, Jumamosi moja moja, tunakutana kwenye mashamba ya ngano, mahali ambapo zamani zilitua ndege ndogo za kupulizia dawa. Wanakuja waendeshaji kutoka Babati, Singida, hata Arusha, tunapanga matairi mabovu kuonyesha kona, na msimamizi wetu, Mzee Maximilian, anasimama na kitambaa chekundu kuturuhusu mmoja mmoja. Pikipiki za wenzangu nyingi ni mpya kuliko yangu. Mwanzoni walicheka kuona mwanamke kwenye chuma kizee, siku hizi hawacheki. Pale ngano inakuwa imeshavunwa, mabua yanang'aa mpaka unapoishia upeo wa macho, upepo hauna mti wa kuuzuia, na ukilala juu ya tanki ukaingia kona goti likiwa karibu na ardhi unajisikia mwepesi, kama vile mwili umeuacha nyumbani. Modest anakaa kwenye kivuli cha gari la Mzee Maximilian. Nikirudi ananiambia, "Kona ya pili uliogopa," na kweli niliogopa.

Mara ya mwisho aliniomba aendeshe yeye. Wenzetu walikuwa wanakula. Nilikataa, akaomba tena, nikakubali, nikakaa nyuma mikono mabegani kwake. Tulikubaliana nikikandamiza bega la kulia anainama kulia, la kushoto vilevile, nikikandamiza yote mawili anashika breki. Tuliondoka kwa mwendo wa punda. Tulipoingia kwenye njia ndefu iliyonyooka akavuta mafuta, na Shangazi, yule mtu ambaye nyumbani anapapasa ukuta akitafuta mlango alikuwa ameinama juu ya tanki kana kwamba hakuna kilichotokea maishani mwake. Nilisikia mgongo wake unatetemeka nikadhani ni injini. Kumbe alikuwa analia. Tuliposimama Mzee Maximilian alikuja anakimbia, mkono kifuani, akasema, "Mkirudia hili, wewe na kaka yako msikanyage hapa tena."

Sasa Modest anataka kwenda peke yake. Jumamosi inayokuja ndiyo ya mwisho kabla mvua hazijaanza na matrekta hayajaingia. Anataka tufike mapema, kabla ya wengine. Amesema, "Uwanja wote ni mtupu. Wewe nenda ukasimame mwisho, upige filimbi. Nitakuja kwenye filimbi."

Nilimuuliza, "Na upepo ukiipeleka sauti pengine?"

Akasema, "Tangu macho yaondoke, kila mtu ananishika mkono. Chooni nashikwa, kanisani nashikwa. Nataka mara moja tu niwe sijashikwa na mtu."

Mama alitusikia. Hakugomba, aliondoa sahani yake akaenda kula jikoni, na toka siku hiyo anakula huko huko. Neno alilosema ni moja tu, "Nimeshazika mume. Sitazika mtoto kwa sababu ya chuma." Nikimtazama mama naona ana haki, nikimtazama kaka naona ana haki, na mimi katikati ndiye mwenye ufunguo mfukoni.

Kuna jambo lingine, dogo, sijalisema kwa mtu. Juzi nikienda kazini, pale barabara inaponyooka baada ya daraja, nilifumba macho. Sikusinzia, nilifumba kwa kutaka. Nilitaka kujua anachokijua kaka. Niliusikia upepo, niliisikia injini, nikasikia utulivu ambao sijawahi kuupata hata kwenye maombi. Nilipofumbua nilikuwa nimehamia upande wa pili wa barabara, na mbele, mbali kidogo, kulikuwa na ng'ombe wanavuka. Nilirudi upande wangu salama. Jana nikafumba tena.

Shangazi, nimpe kaka ufunguo au nimnyime?

Fransiska, Dirma.

*

Fransiska mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma taratibu, maana unaandika vizuri, na mtu akiandika vizuri anaweza kukupitisha mahali pa hatari ukiwa unatabasamu. Nilitabasamu mpaka nilipofika kwenye hilo jambo ulilosema ni dogo. Hapo niliweka kalamu chini. Barua nzima inamhusu kaka yako anayetaka kuendesha bila kuona, kumbe aliyekwisha kuendesha bila kuona ni wewe, tena si kwenye uwanja mtupu. Ni kwenye lami ambayo watoto wanapita kwenda shule, na wachungaji wanavusha mifugo, na akina mama wajawazito wanaletwa kwenye kituo chako wamekalishwa nyuma ya bodaboda. Ungemgonga mmoja wao asubuhi, na mchana wangekuletea damu yake uipime. Ulifikiria hilo? Hukufikiria. Ulikuwa unaota.

Mengine hayasubiri gazeti litoke. Nilikupigia simu mchana ule ule, kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha, na wasomaji wangu nawaambia tulichozungumza kwa ruhusa yako. Nilikuuliza, "Modest anajua kwamba umefumba macho?" Ukasema hajui. Nikakwambia umwambie leo hii, jua likiwa bado liko juu, na mama yenu awepo. Uliniuliza, "Si nitamuumiza?" Nikakujibu kwamba mtu mzima akiumizwa na ukweli hupona, lakini wewe ukigongwa na lori haponi yeyote katika nyumba hiyo.

Ulinipigia baadaye ukanieleza. Ulisema mama aliacha kupukuchua mahindi. Modest alikuuliza swali moja tu, "Ulifumba wapi?" Ukamjibu ni pale baada ya daraja. Akasema, "Pale wanavusha ng'ombe." Kisha akanyoosha mkono. Hukuelewa anataka nini mpaka aliposema, "Ufunguo." Ulimpa huku unaogopa kwamba ataichukua pikipiki hapo hapo. Akapapasa mpaka akampata mama yenu, akauweka ufunguo kwenye kiganja chake, akakifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili. "Mama, asiupate mtu," akasema. "Wala mimi." Na alipokaa chini akasema maneno ambayo uliyarudia kwangu mara mbili, "Kumbe ndivyo mnavyonisikia nikiomba."

Fransiska, kaka yako hakuhitaji mimi wala wewe kumhubiria. Alisikia ombi lake mwenyewe likitoka mdomoni mwa mtu anayempenda, akaogopa kama mlivyoogopa ninyi. Basi swali lako la ufunguo ameshalijibu yeye. Hatakwenda peke yake, wala filimbi haitapigwa. Asije akabadili mawazo Ijumaa jioni nawe ukalegea kwa kuwa analia. Akilia, kaa naye alie.

Lakini usidhani nimemaliza na wewe. Nakuuliza kitu ambacho barua yako imekizungukia bila kukigusa: kwa nini mtu mwenye macho mazima atake kuyafumba? Nadhani unaona aibu kuona. Unaendesha pikipiki ya kaka yako, kwenye barabara ya kaka yako, unauona mlima ambao yeye hauoni tena, na utamu wote huo umekuwa kama umemwibia. Hukumwibia. Alikupa. Mtu akikupa kitu cha thamani hivyo, njia ya kumshukuru ni kukitumia macho yakiwa wazi, halafu urudi nyumbani umsimulie: leo wingu lilikuwa limefika wapi, alizeti zimeanza kukauka upande gani, nani alikupungia mkono barabarani. Umewahi kumsimulia? Au mkikaa pamoja mnazungumza gia tu? Mimi nimesoma ukurasa wako mmoja nikauona huo mlima nikiwa nimekaa ofisini. Mpe na yeye.

Sasa sikiliza ninachotaka ufanye, na usinijibu kwamba utajitahidi.

Kazini utapanda basi, au bodaboda, mpaka mama yako mwenyewe aseme sasa inatosha. Siku atakayokurudishia ufunguo, ukihisi kope zinataka kufumba unapunguza mwendo, unasimama pembeni, unashuka. Ukichelewa kazini, umechelewa. Jambo likijirudia hata baada ya kulisema, nenda ukazungumze na daktari hapo hapo unapofanya kazi, bila kuona haya, kwa maana moyo nao unapimwa kama damu.

Mama Benedikta aambiwe yote, pamoja na safari ile ya mikono mabegani ambayo nina uhakika hajaisikia. Aisikie kutoka kwenu, asiisikie sokoni. Na mumwombe radhi nyote wawili, mkiwa mmepiga magoti kama mlivyolelewa. Halafu chukueni sahani zenu mwende mkale jikoni alipo, msimsubiri arudi mezani.

Na Modest? Amesema kila mtu anamshika mkono. Hilo ni neno zito kuliko pikipiki, na halihusu mwendo. Mtu huyu alikuwa fundi. Tangu macho yaondoke, nani anafungua kabureta za hiyo Honda? Wewe hukuandika, ila nakisia mnaipeleka kwa fundi wa mjini wakati vidole vya kaka yako vinakaa bure mapajani. Mwekeeni turubai uani, mumpe spana zake, mwondoke. Mwondoke kweli, msisimame mlangoni kumwangalia. Akipoteza nati ataitafuta mwenyewe. Fungeni kamba kutoka mlango wa nyumba mpaka chooni, aifuate peke yake. Na vipo vyama vya watu wasioona, wanafundisha kutembea na fimbo nyeupe. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, usikubali kuambiwa njoo kesho. Mtu aliyeweza kukufundisha pikipiki kwa masikio hashindwi kujifunza njia ya kwenda kanisani.

Jumamosi hiyo nendeni. Nimesema nendeni, ila bila pikipiki, kwa gari la yeyote atakayewapa nafasi. Mfuate Mzee Maximilian, umsalimie, umwombe msamaha, umwambie Modest anaomba kazi: asimame karibu naye, awasikilize waendeshaji wote, na kila anayerudi aambiwe gia gani aliichelewesha na kona gani aliiogopa. Wapo vijana kutoka mijini wenye pikipiki mpya wasiosikia injini zao zinasema nini. Wewe simama kando yake, macho wazi, umwambie nani anapita na amevaa nini.

Na akitaka kutembea kutoka kwenye gari mpaka kwa Mzee Maximilian bila kushikwa, mwache atembee.