Kiegemeo cha Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei 1974

Malori tena mpaka darajani. Madereva na utingo wao wananipigia kelele mimi wakala wa forodha, kana kwamba ndimi niliyechora mpaka wa Uganda. Nimerudi nyumbani sina hamu na mtu. Nafula, mke wangu, ananingoja na habari: kidonda cha mama yake kimeanza kunuka. Daktari wa misheni, njia ya Funyula, anataka kumwona Ijumaa bila kukosa. La sivyo mguu utakatwa. Basi halifiki kwao Marachi. Pikipiki yangu ndiyo gari la ukoo sasa.

Shida si safari. Shida ni kwamba mkwe hagusi mkwe. Mwezi uliopita nilimpeleka, akakataa kunishika kiuno. Alishika keria kwa vidole, na pale mlimani nusura aanguke chali. Hata hakupiga kelele. Yuko radhi afe kuliko kushika koti langu. Upuuzi mtupu.

Jumanne, 7 Mei

Dawa nimepata. Kiegemeo. Akiwa na cha kuegemea mgongo, hana haja ya kunishika mimi. Kuna Mganda hapa Malaba anauza vyuma kuukuu, nimekinunua kwake. Kimetoka kwenye pikipiki kubwa ya Kiingereza. Mto umechanika, chuma kizima. Aliapa kwa mama yake kwamba kinaingia pikipiki yoyote. Hakiingii. Miguu yake ni mipana kuliko fremu yangu, nafasi ya kidole kila upande. Pole kwa mama yake.

Shemeji Wanyama, kaka yake Nafula, amekuja kutoa maoni. Mtoto wa kiume wa mama huyohuyo, mwenye haki ya kumshika, na hata baiskeli hawezi. Anasema nikifunge kwa mpira wa tyubu.

Jumatano, 8 Mei

Fundi Barasa wa Busia. Ovaroli yake ni safi. Hilo peke yake lingenitosha kumjua. Nilienda kunywa chai. Kurudi, amekwisha kukichomelea kwenye madgadi. Madgadi! Bati la kuzuia matope, linalotikisika hata pikipiki ikiwa imesimama, ndilo libebe mgongo wa mtu mzima. Akapaka rangi nyeusi juu, akarudi nyuma kujisifu. Nikakaa kwenye kiti cha abiria nikajisukuma nyuma mara moja. Bati likapasuka, nikaangukia makalio mbele ya wateja wake. Wakacheka. Wacheke. Afadhali makalio yangu kuliko kichwa cha mgonjwa.

Barasa anasema mama mkwe si mzito kama mimi. Na mtu huyu watu wanamwachia breki zao.

Alhamisi, 9 Mei

Sikwenda kazini. Malori yaoze.

Nimefanya mwenyewe. Kwanza nimekwangua rangi ya Barasa yote, maana rangi huficha nyufa. Hakuna ufa. Nimekata vipande vya chuma, nikavitoboa, nikaviweka kujaza ile nafasi kati ya kiegemeo na fremu. Bolti zinapita kwenye fremu yenyewe, pale springi za nyuma zinapofungwa, si kwenye bati. Washa, ile pete ya bati, chini ya kila nati, na nati ya pili juu yake isilegee. Nikafunga gunia la mahindi pale atakapokaa, nikaenda nalo mpaka Nambale na kurudi, nikitafuta mashimo makusudi. Nati moja ilikuwa imelegea. Nikaikaza.

Nafula anasema mama atakaa mkao wa kiume, leso mbili zimfunike. Vizuri. Kukaa upande na kiegemeo nyuma ni kujidanganya.

Wanyama aliuliza kwa nini najisumbua hivi kwa mama mkwe. Nikamwambia ni kwa sababu mwanawe ni wewe. Ameondoka bila kuaga.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua tangu asubuhi. Nafula, aliyelala kwao, alimpandisha mama yake, naye akabaki nyuma. Mama amejifunika leso mpaka machoni. Matope matupu njia nzima, pikipiki inayumba, na kiegemeo hakikusogea. Hakunigusa hata kwa ukucha. Nilijiona mtu mkubwa.

Tukafika. Pikipiki haziingii ndani. Wodi iko juu ya ngazi, machela zote ziko kazini, mguu wake haukanyagi chini. Bolti zangu zote zimemfikisha langoni tu. Nikasimama kama mjinga. Mlinzi ni mzee kuliko mgonjwa.

Mama mkwe akamwambia mlinzi, nami nipo palepale, "Mzee, mwambie huyo mtu anibebe."

Mlinzi akanigeukia. "Boss, mama anasema umbebe."

Nikainama. Ni mwepesi. Mwepesi vibaya sana. Alilia kwa aibu mgongoni mwangu mpaka juu, na mimi nilitaka kulia, nikajikaza.

Jumapili, 12 Mei

Mguu haukatwi. Amelazwa, kidonda kinasafishwa.

Nafula alitoka kuchota maji ya kumwogesha. Nikabaki mlangoni, nimeupa kitanda mgongo. Kwetu mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake, wala yeye mbele yake. Mama mkwe akaniuliza, mimi mwenyewe bila mjumbe, kama nimekula. Nikasema nimekula. Akasema naongopa. Nikasikia sahani ikisukumwa mpaka ukingoni mwa kitanda.

Nikavuta stuli. Ugali umepoa, mboga haina chumvi. Tulikula wote wawili mpaka ukaisha.