Kilichokuwa Ndani ya Kichuguu

Jumatatu, 8 Septemba
Chai ya mafundi, chupa mbili. Mapacha wangu, Kulwa na Doto, shule. Kisha kiwanjani kwetu Misunkumilo, hapa Mpanda, kwa miguu, jua tayari kali. Fundi Elias kashavuta kamba za msingi. Kona ya sebule imeangukia kwenye kile kichuguu kikubwa. Masanja kasema kivunjwe, mvua haisubiri mtu. Mume wangu akishasema, amesema. Kesho sururu.

Jumanne, 9 Septemba
Si kichuguu.
Elias alipiga mara chache tu, upande mmoja ukaporomoka. Ndani uwazi. Ukuta wa udongo uliochomwa, mnene, mweusi, unang'aa kama umepakwa mafuta. Chini matundu, yamepangwa kuzunguka. Elias alidhani kaburi. Akatupa sururu, akarudi nyuma.
Mimi nikaokota bonge jeusi, zito kuliko jiwe. Mavi ya chuma, taka za kuyeyushia chuma. Utotoni kijijini Mamba tuliyaokota shambani tukarushiana, bibi akitufokea: "Msichezee jasho la watu!" Leo ndiyo nimemwelewa.
Ni tanuru; watu waliyeyusha chuma hapa. Hapa ninapotaka kuweka makochi!

Jumatano, 10 Septemba
Masanja hataki kusikia.
"Mama Kulwa, nyie Wapimbwe mna mambo. Tofali zimefika, mvua inakuja, wewe unalilia udongo?"
Hasemi uongo. Tumepanga chumba kimoja, watu wanne. Kugeuza msingi ni kupoteza baraza niliyoililia mwenyewe. Nimekasirika hata hivyo.

Ijumaa, 12 Septemba
Elias amegoma kubomoa, anaogopa. Masanja kachukua sururu mwenyewe. Nikamfuata. Ningesema, ningelia.
Akainama, akaingia kwenye pengo. Nikangoja pigo la kwanza. Halikuja.
"Njoo uone."
Juu ya matundu, ndani, alama za vidole. Mtu alilainisha udongo kwa kiganja, moto ukaukausha hivyo hivyo. Mkono mdogo. Masanja akaweka wake, ukawa mkubwa.
"Weka wewe."
Nikaweka. Ukaingia sawasawa, kila kidole mahali pake. Mwili wote ukasisimka. Sijawahi kuhisi hivi hata kanisani.
Shuleni walituambia Mpanda ilianza na mgodi na reli. Huyu nani, basi? Mwanamke? Kijana? Alicheka na nani hapa, alipochoka alikaa wapi? Nimeishi mji huu miaka yote hii nikidhani ni mji mpya. Leo nimejiona mimi ndiye mgeni.
Masanja akatoka na vumbi kichwani. Hakunitazama.
"Elias, ng'oa vigingi. Tunageuza nyumba."

Jumapili, 14 Septemba
Baada ya misa tukapita kiwanjani. Sebule itakuwa nyembamba. Baraza hakuna. Sawa.
Masanja na Elias wameziba pengo kwa matope. Vibaya, panaonekana. Majirani wanakuja kuchungulia, wanavua kofia bila kuambiwa.
Masanja kaniuliza tanuru kama hili kwa Kipimbwe linaitwaje. Sijui. Nikampigia mama kule Mamba. Naye hajui, kasema atauliza wenzake wa kwaya.
Tukakaa chini kando ya tanuru, mimi na Masanja, mpaka jua likazama, udongo ukaanza kupoa.